Antivirasi Ikilikataa Duka la Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye sayba na meza za mafundi wa kompyuta kati ya Nakuru na Kisumu, hasa Novemba, ofa za Black Friday zinapomiminika kwenye simu. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi visa vya pembeni. Mwenye haraka achukue hili: onyo likitokea, simama, lisipotokea, bado hujapewa sababu ya kumwamini muuzaji.

## Mambo ya msingi

Antivirasi inajuaje kwamba duka fulani ni baya?

Mara nyingi haijui, inaambiwa. Kampuni iliyoitengeneza huweka orodha ya anwani zilizowahi kukutwa na ubaya: kurasa za kuiba nenosiri, faili zenye virusi, fomu bandia za kadi. Ukibofya linki, programu hulinganisha anwani hiyo na orodha kabla ukurasa haujafunguka. Google nayo ina orodha yake iitwayo Safe Browsing, inayotumiwa na Chrome, Firefox na Safari. Edge hutumia SmartScreen ya Microsoft. Kwa hiyo hata mtu asiyewahi kuweka antivirasi yoyote ana askari mmoja getini.

Njia ya pili ni kukisia. Programu hutazama dalili: jina la tovuti limesajiliwa juzi, ukurasa unafanana mno na wa benki, kuna msimbo uliofichwa usiosomeka. Hapo ndipo makosa huzaliwa, kwa sababu duka jipya la halali na duka jipya la wizi hufanana sana katika wiki zao za kwanza.

Basi niliamini onyo au nisiliamini?

Liamini kiasi cha kusimama, ila usilichukue kama hukumu. Kusimama kunakugharimu dakika chache za kuchunguza, au kununua kiatu kile kile kwingine. Kuendelea kunaweza kukugharimu nenosiri la barua pepe ambalo ndilo funguo ya kila kitu kingine ulicho nacho mtandaoni.

Lakini elewa swali ambalo antivirasi hujibu. Hujibu kama ukurasa utadhuru kifaa chako au kukuibia siri. Haijibu kama mzigo utafika. Tapeli aliyekusanya picha za friji za watu wengine, akazipanga kwenye tovuti safi, akaweka nambari ya Till, kisha akazima simu akishalipwa, hana kirusi hata kimoja. Antivirasi itampitisha bila neno. Huku kwetu wizi mwingi wa manunuzi uko hivyo: pesa inatumwa kwa hiari, na hakuna programu ya kompyuta iliyo na kazi ya kuzuia hilo.

Maonyo yote yana uzito sawa?

Hapana, na hapa wengi hujichanganya. Ukurasa mwekundu unaojaza skrini nzima na kusema tovuti ni ya udanganyifu au ina programu hatari ni onyo zito. Kwa kawaida anwani hiyo tayari iko kwenye orodha. Onyo la cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha anwani ya tovuti), lile linalosema muunganisho wako si wa faragha, lina visa vingi na mara nyingi kasoro iko kwenye kifaa chako (tazama swali la kompyuta ya Kondele hapa chini). Alama ya kijivu au ya manjano inayosema tovuti haijakadiriwa ina maana moja tu, kwamba hakuna aliyeikagua. Duka la vikapu lililofunguliwa Kakamega mwezi jana litapata alama hiyo hiyo.

Onyo la kuzuia faili halina mjadala. Duka la viatu halina sababu ya kukushushia faili la APK, yaani faili la kuweka programu kwenye Android, hata likiitwa risiti au katalogi.

Halafu kuna zile takwimu za kujisifu, "vitisho kadhaa vimezuiwa leo". Vingi huwa vidakuzi vya matangazo, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari. Vinaudhi lakini haviibi pesa, na kwa maoni yangu vinahesabiwa kwa sauti ili uone umepata thamani ya ada uliyolipa.

Nikiona https au alama ya kufuli, duka ni salama?

Hiyo inamaanisha mawasiliano kati yako na tovuti yamefungwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Haisemi uliyefungiwa naye ni nani. Tangu shirika la Let's Encrypt lianze kutoa vyeti bure mwaka 2015, yeyote hupata cheti kwa dakika chache, tapeli akiwemo. Mwaka 2023 Chrome iliiondoa picha ya kufuli karibu na anwani kwa sababu watu walikuwa wakiisoma kama muhuri wa uaminifu.

Je, anwani inayoishia .co.ke?

Inasajiliwa chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na mtu yeyote anaweza kuipata kwa ada ndogo. Ya .go.ke ndiyo iliyotengewa serikali.

Cha muhimu zaidi ni kujua kuisoma anwani. Chukua hii: dukafulani.co.ke.ofa-kubwa.top/simu. Jicho la Mkenya hukimbilia mwanzo, likaona co.ke na kutulia. Sasa weka kidole kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Unakutana na .top, halafu ofa-kubwa. Mwenye tovuti ni ofa-kubwa.top. Yote yaliyotangulia ni mapambo ambayo mwenye jina hilo anaweza kuandika apendavyo. Kwenye simu skrini ni nyembamba na mara nyingi huoni anwani nzima, kwa hiyo igonge ile sehemu ya anwani na uivute mpaka mwisho.

## Onyo limetokea, sasa?

Kompyuta ya duka letu Kondele inasema kila tovuti si salama, hata ya benki. Tumevamiwa?

Angalia pembe ya chini kulia ya skrini. Kama kompyuta inaonyesha Januari mosi ya mwaka uliopita zamani, umepata jibu. Kila cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2009 huona vyeti vyote kama havijaanza kutumika, na kuvikataa vyote.

Chanzo huwa ni betri ya duara iliyo ndani, CR2032, yenye ukubwa wa sarafu. Ndiyo huiweka saa ikitembea mashine ikiwa imechomolewa. Ikichoka, kila stima ikipotea au mtu akichomoa waya jioni, asubuhi kompyuta huamka imesahau mwaka. Zima, chomoa waya, fungua kifuniko, sukuma ile klipu ndogo ya chuma pembeni na betri itainuka yenyewe. Weka mpya, upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, rekebisha tarehe, eneo la saa liwe Nairobi. Maonyo yataondoka yote pamoja. Yakiondoka yote isipokuwa la tovuti moja, hiyo moja ndiyo ya kutiliwa shaka.

Nina simu ya mtumba. Maduka mengine yanafunguka, mengine yanaambiwa cheti hakiaminiki. Kwa nini?

Android iliyo chini ya 7.1.1 haikitambui cheti mama ambacho Let's Encrypt hutumia siku hizi. Kulikuwa na daraja la muda lililosaidia simu hizo, nalo lilikwisha Septemba 2024. Duka halina kosa hapo. Hata hivyo simu ambayo haijapata masasisho ya usalama miaka yote hiyo isiwe ya kuandikia nambari za kadi. Itumie kuvinjari bidhaa, ulipe kwa kifaa kingine.

Duka nililolizoea leo limeonyeshwa jekundu. Si antivirasi imekosea tu?

Inawezekana. Tarehe 31 Januari 2009, kwa muda usiofika saa moja, Google iliwaonya watu kwamba karibu kila tovuti duniani inaweza kudhuru kompyuta yao. Mtu alikuwa ameingiza alama ya mkwaju peke yake kwenye orodha ya tovuti mbaya, na mkwaju uko ndani ya kila anwani. Makosa madogo ya aina hiyo hutokea. Duka safi likiwa kwenye seva moja na tovuti mbovu, linaweza kuadhibiwa pamoja na jirani yake.

Lakini mazoea si ushahidi. Mwaka 2018 wezi walipachika msimbo wao kwenye tovuti ya British Airways, na kwa muda wa kama wiki mbili wateja walioandika kadi zao walikuwa wakiziandikia wezi pia. Tovuti ilikuwa ya kweli, jina la kweli, cheti cha kweli. Duka dogo linalotumia programu ya bure na lisilosasishwa kwa mwaka mzima ni rahisi zaidi kuingiliwa. Mwenye duka huwa hajui. Pengine onyo lako ndilo la kwanza.

Usifungue tena kwa kubofya "endelea hata hivyo". Piga nambari ya duka unayoijua, uwaambie. Kisha chunguza kama swali linalofuata linavyoeleza.

Nitapataje maoni ya pili?

Nenda VirusTotal, huduma inayomilikiwa na Google tangu 2012. Chagua sehemu ya anwani za tovuti, bandika linki, nayo itaulizia kwa wakaguzi zaidi ya 70 kwa mara moja. Mmoja akilalamika na wengine wakiwa kimya, huenda ni kosa, subiri kesho ujaribu tena. Wakiwa watano au zaidi, mimi huondoka. Hicho ni kipimo changu, si sheria.

Bandika anwani ya mbele ya duka tu. Linki ya oda yako inaweza kuwa na jina au nambari yako ndani, na yanayobandikwa pale huonekana na watu wengine.

Simu imeanza kutetema, imeandikwa ina virusi 13 na nibofye kuisafisha. Hiyo ni antivirasi yangu?

Siyo. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuhesabu virusi vilivyo kwenye simu yako. Hilo ni tangazo lililovaa sare. Biashara hii ni ya zamani: mwaka 2008 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani waliokuwa wakiuza programu za kusafisha virusi ambavyo havikuwepo.

Usibofye popote ndani ya ukurasa, hata kwenye alama ya kufunga iliyochorwa humo. Funga kichupo chenyewe au programu nzima. Kama maonyo yanakuja hata usipovinjari, kuna siku uliruhusu tovuti fulani kukutumia arifa. Katika Chrome ingia Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa, uondoe kila jina usilolijua. Onyo la kweli linatoka kwenye programu unayoikumbuka kuiweka, na ukiifungua mwenyewe utalikuta humo.

## Pale ambapo antivirasi haioni

Nabofya linki ndani ya Facebook na WhatsApp. Antivirasi inanifuata huko?

Usiitegemee. Linki ya Facebook mara nyingi hufunguka ndani ya Facebook yenyewe, kwenye kivinjari chake kidogo, na antivirasi iliyojengwa kulinda Chrome haikai humo. Opera Mini, inayopendwa kwa kubana bando, katika hali yake ya kubana zaidi huletewa ukurasa ukiwa umepikwa kwenye seva za Opera, hivyo programu ya simuni huiona Opera tu. Ukitaka kulipa, nakili linki uifungue kwenye Chrome au Firefox.

Na muuzaji wa WhatsApp anayekutumia picha na nambari ya simu hana hata tovuti ya kukaguliwa. Hapo soma jina linalojitokeza kabla hujathibitisha malipo. Duka linaloitwa la vifaa vya umeme likileta jina la mtu binafsi, uliza kwanza.

Tovuti inaniomba PIN ya M-Pesa na antivirasi haijasema kitu. Niweke?

Hapana, hata antivirasi zote duniani zikiisifu tovuti hiyo. PIN ya M-Pesa haiandikwi kwenye ukurasa wa duka. Duka la kweli linaomba nambari ya simu, kisha ombi la kulipa linatokea kwenye simu yako likiwa na jina la biashara na kiasi, nawe unaweka PIN hapo. Soma vyote viwili kabla ya kuiweka. Tovuti inayoiomba PIN ni ya wizi, na ujumbe au mtu anayeiomba kwa simu vilevile.

Mtu wa Bungoma ananiambia nilipe kwanza, atautuma mzigo kwa matatu. Kuna programu ya kukagua hilo?

Hakuna. Lipa ukipokea, au mwombe muuzaji atume kwa kampuni ya vifurushi inayokubali ufungue kabla ya kulipa. Akikataa vyote viwili na bei yake ni nusu ya bei ya soko, bei hiyo ndiyo onyo.

## Kuchagua na kutunza antivirasi

Nahitaji kununua?

Kwa laptopu ya Windows 10 au 11, ile iliyokuja nayo inawatosha watu wengi. Tatizo ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure kwa kawaida mnamo 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba madukani bado zina hiyo. Uliza kabla ya kulipa. Android ina Play Protect, kikaguzi cha Google cha programu. Kwenye iPhone, programu zinazoitwa antivirasi huchuja linki tu, haziwezi kukagua programu nyingine.

Fundi amenipa antivirasi ya kulipia bure kutoka kwenye flashi. Nzuri?

Ni programu iliyovunjwa kufuli na mtu usiyemjua, kisha ukaipa ruhusa ya kusoma kila kitu kwenye mashine. Iondoe.

Inaona kila duka ninalotembelea. Hayo yanaenda wapi?

Swali zuri kuliko linavyoulizwa. Ili ilinganishe anwani na orodha, mara nyingi lazima iitume kwa kampuni. Avast ilikuwa ikiuza taarifa za uvinjari za wateja wake kupitia tawi lake Jumpshot, lililofungwa 2020, na mwaka 2024 FTC ikaitoza dola milioni 16.5. Fungua mipangilio ya faragha na uzime kushiriki data kwa ajili ya matangazo au utafiti. Ulinzi hautapungua.

Malipo yamekataa mpaka nilipozima antivirasi. Niiache imezimwa?

Washa sasa hivi. Antivirasi nyingine huweka cheti chao wenyewe katikati ili zisome mawasiliano yaliyofungwa, na kurasa za malipo mara kwa mara hukataa mpangilio huo. Zima kipengele hicho kwa tovuti hiyo moja, au tumia kivinjari kingine. Na kama aliyekuambia uzime ni muuzaji, usinunue kwake.

## Wenye maduka

Nauza vifaa vya kufugia nyuki hapa Nakuru kupitia tovuti yangu. Wateja wanaambiwa ni hatari. Nifanyeje?

Usiwaambie "puuzeni tu". Ukizoeza wateja kupuuza, siku utakayovamiwa kweli wataingia wote.

Anza kwa kuchukulia kwamba onyo ni la kweli. Pitisha anwani yako VirusTotal, andika majina ya wakaguzi wanaolalamika. Ingia Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, sehemu ya masuala ya usalama, ambako Google huonyesha mifano ya kurasa zenye shida. Sasisha programu ya tovuti na nyongeza zake zote, futa usizotumia, badilisha nenosiri la msimamizi na la hostingi, na angalia kama kuna mtumiaji au faili usilolitambua. Ukiwa na nakala ya zamani iliyo safi, irudishe kisha usasishe.

Baada ya kusafisha ndipo uombe kukaguliwa upya. Google ina ombi lake humo humo, na majibu huchukua siku moja hadi siku kadhaa. Kampuni za antivirasi kila moja ina fomu yake ya kulalamikia onyo lisilo sahihi. Kutoka kwenye orodha moja hakukutoi kwenye nyingine. Ukiomba kabla ya kusafisha, utakataliwa na foleni ya pili huwa ndefu zaidi.

Ukigundua taarifa za wateja zimetoka, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uijulishe Ofisi ya Kamishna wa Data ndani ya saa 72 pale kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika.

## Mambo yakishaharibika

Nilipuuza onyo na nikaandika nenosiri. Nimechelewa?

Badilisha sasa, kwa kifaa kingine kama unacho, ukianza na la barua pepe. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Popote ulipotumia nenosiri lile lile, badilisha pia. Kama uliandika kadi, piga simu benki waifunge. Usingoje kuona kama pesa zitatoka.

Nimetuma M-Pesa kwa tapeli.

Tuma ule ujumbe wa kuthibitisha malipo kwa 456 mara moja kuomba zirudishwe. Kama ameshazitoa, hazirudi kwa njia hiyo. Ukilipia Till au Paybill, piga huduma kwa wateja. Ujumbe wa kitapeli uelekeze kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), ukiwa na picha za skrini, anwani ya tovuti na nambari iliyopokea pesa. Kuiba taarifa kwa tovuti bandia ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kwa hiyo usikubali kuambiwa hilo si jambo la polisi.

Laptopu inasema duka ni hatari, simu inasema ni sawa. Nani mkweli?

Orodha zao ni tofauti na hazisasishwi kwa saa moja. Kurasa za wizi mara nyingi huishi muda mfupi, kwa hiyo anayelalamika kwanza ndiye mara nyingi aliyeona kwanza. Chukua jibu la mlalamikaji, urudie kesho.

Onyo limetokea katikati, nimeshaweka PIN. Nifunge ukurasa?

Funga, lakini kufunga hakuzuii malipo. Ukweli uko kwenye ujumbe wa M-Pesa: ukifika, pesa zimetoka, usipofika, angalia salio kabla ya kujaribu tena, maana wengi hulipa mara mbili hapa. Hifadhi msimbo wa muamala. Wasiliana na duka kwa nambari uliyoipata kwingine, si iliyo kwenye ukurasa ulioonywa. Wakikubali kwamba oda imeingia, waulize tovuti yao ina shida gani leo. Wasipoitambua oda hiyo, rudi kwenye swali la M-Pesa hapo juu.